Mtoto Asiyebatizwa

Kila Jumamosi humsaidia mama kuuza mitumba katika soko la Owino. Jirani yetu wa kibanda ni mama wa Kimennonite, mzaliwa wa Shirati, Tanzania. Siku moja nilimwuliza, "Mama, huyu mwanao alibatizwa lini?" Mtoto ana miaka tisa. Akajibu, "Bado. Hajaomba." Nilistaajabu, maana kwetu sisi hubatizwa tungali wachanga.

Kumbe jambo hili lilianza mwaka 1525 mjini Zurich, Uswisi. Watu wachache walibatizana wakiwa watu wazima, wakisema kwamba mtu hawezi kuaminiwa na mzazi wake. Wafuasi wao wengi waliuawa, wengine kwa kutoswa majini. Baadaye baadhi yao waliitwa Wamennonite kwa jina la Menno Simons wa Uholanzi, na mwaka 1934 wamisionari wao kutoka Marekani walifika Shirati.

Basi malezi ya namna hii, naona mimi, ni magumu kuliko yetu: mzazi hufundisha kila siku, lakini hana ruhusa ya kuchagua.

"Na akikataa, Mama?"

Alikunja suruali mbili kabla ya kunijibu. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi, mwanangu."