NJIA KUBWA YA KOLWEZI MPAKA KASUMBALESA: TUIJUE, TUPATE KUJILINDA



Kazini hatugusi mashini kabla ya kufundishwa. Tunauliza: imetengenezwa kwa kazi gani? Inabeba uzito gani? Hatari yake iko upande gani? Lakini kuna kitu kimoja kikubwa na chenye nguvu ambacho kila mtu anakitumia kila siku bila kufundishwa. Kitu hicho ni barabara. Basi leo tujifunze barabara yetu namna tunavyojifunza mashini: kwanza mahali inapopita, kisha historia yake, mwisho hatari zake. Mtaona wenyewe kwamba hatari za leo zimezaliwa na historia ile.

INAPITA WAPI?

Barabara ya Taifa namba 1 inaanza Banana, kwenye bahari ya Atlantiki. Inapita Boma na Matadi, ambako daraja lenye urefu wa mita 722 lilifunguliwa mwaka 1983 juu ya mto Kongo. Kisha inapita Kinshasa, Kikwit, Tshikapa, Kananga na Mbuji-Mayi. Inashuka kupitia Kamina, inafika Likasi na Lubumbashi, na inakwisha Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Urefu wake wote unazidi kilomita 3,000.

Sisi watu wa migodi tunatumia zaidi mwisho wake. Kutoka Kasumbalesa mpaka Lubumbashi ni kilomita 90 hivi. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita 120 hivi: unapita Lwisha na kuvuka mto Lufira. Mbele ya Likasi, kule Nguba, njia inagawanyika. Namba 1 yenyewe inapanda kaskazini kwenda Kamina. Njia nyingine inakwenda magharibi, inapita Fungurume, inavuka Lualaba na kufika Kolwezi. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilomita 300 hivi. Katika somo hili tunahesabu Kolwezi mpaka Kasumbalesa kuwa njia moja, kwa sababu shaba inapita humo kama njia moja.

ZAMANI: MIGUU YA WATU, KISHA TRENI

Kabla ya Wazungu, mafundi wa inchi hii waliyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama feza. Wakati wa mfalme Msiri, mji wake wa Bunkeya ulikuwa soko kubwa. Njia za miguu zilitoka huko kwenda mashariki mpaka Tabora na bahari ya Hindi, na kwenda magharibi mpaka Benguela. Mzigo ulikuwa ule tu ambao bega la mtu linaweza kubeba. Msiri aliuawa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891, na inchi ikaingia mikononi mwa wageni.

Mwaka 1906 Union Minière iliundwa. Mwaka 1910 treni kutoka kusini ilifika Elisabethville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Mwaka 1918 reli ilifika Bukama. Mwaka 1928 ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, ambako mizigo ilipakiwa katika mashua kwenda Kinshasa. Mwaka 1931 reli yetu iliunganishwa na ile ya Benguela inayokwenda bandari ya Lobito.

Angalieni vizuri jambo hili: shaba ilipanda treni. Barabara ilikuwa msaidizi tu. Ilipitisha barua, chakula, wakubwa wa serikali na kamioni ndogo. Hakuna aliyeipima kwa mzigo wa mgodi mzima.

Jambo la pili: serikali ya ukoloni ililazimisha vijiji vingi kuhama porini na kujengwa kandokando ya barabara. Ilitaka kuhesabu watu kwa urahisi, kukusanya kodi, kuwapima ugonjwa wa malale, na kupata mikono ya kutengeneza barabara yenyewe. Ndiyo maana mpaka leo nyumba, shule, soko na kisima vinakaa hatua chache tu kutoka njia ya magari. Babu zetu hawakuchagua mahali hapo kwa kupenda, lakini wajukuu wao wanavuka hapo kila asubuhi.

MZIGO ULIVYOHAMA KUTOKA RELI KWENDA BARABARA

Mwaka 1971 Office des Routes iliundwa kulinda barabara za inchi nzima. Mwaka 1975 vita ya Angola ilifunga njia ya reli ya Lobito, na sehemu kubwa ya mizigo ikaelekea kusini. Hata hivyo treni iliendelea kuwa mbebaji mkubwa. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba.

Kisha miaka mibaya ikaja. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Vurugu za siasa zikafuata, mashini zikakosa vipande vya kubadilisha, na mwaka 1994 shaba yote ya Gécamines haikufika tani 50,000. Reli nayo ikachakaa pamoja na migodi.

Mwaka 2002 sheria mpya ya migodi ilitoka, na makampuni mengi yakaja. Migodi ikaamka upesi, lakini reli haikuamka nayo. Basi mzigo ukatafuta njia nyingine, ukaikuta barabara. Baada ya mapatano na makampuni ya China ya mwaka 2008, barabara ya Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ilijengwa upya, na magari yakaanza kulipa kodi ya kupita. Lami nzuri ikaleta kamioni nyingi zaidi, nazo zikaenda mbio zaidi.

Sasa tupige hesabu. Mwaka 2023 inchi yetu ilitoa tani zaidi ya 2,000,000 za shaba, na sehemu kubwa ilitoka kwa barabara. Kamioni moja inabeba tani 30 hivi. Ukigawanya 2,000,000 kwa 30, unapata safari 66,000 na zaidi. Ukigawanya tena kwa siku 365, unapata kamioni 180 na zaidi kila siku, kwa shaba peke yake. Bado hatujahesabu kobalti. Bado hatujahesabu zile zinazoingia na asidi, mafuta, chokaa na mashini. Mzigo wote huo unapita mbele ya mlango wa shule.

HATARI YA KWANZA: MWENDO

Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakula mita 17 hivi kila sekunde. Shofere akiona mtoto, sekunde moja inapita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kisha gari jepesi linahitaji mita 20 hivi nyingine kusimama, kama lami ni kavu na breki ni nzima. Jumla ni mita 37. Kwa mwendo wa kilomita 90, jumla inafika mita 70 hivi. Lami ikilowa na mvua, urefu wa breki unakaribia kuwa mara mbili. Kamioni yenye tani 30 inahitaji mita nyingi zaidi. Basi usiseme moyoni, "shofere ameniona, atasimama." Huenda amekuona kweli, na asiweze kusimama.

HATARI YA PILI: USUKANI WA UPANDE WA PILI

Kwetu magari yanapita kuume. Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini yanapita kushoto. Kwa hiyo pale Kasumbalesa shofere anabadilisha upande, lakini usukani wake haubadiliki: unabaki kuume. Akiwa kwetu, anakaa upande wa majani. Akitaka kupita kamioni iliyo mbele yake, haoni njia mpaka ametoa nusu ya gari lake katika upande wa wengine. Wewe unayekuja mbele yake, jua jambo hilo. Ukiona msururu wa kamioni, punguza mwendo na kaa kuume kabisa, kwa maana mmoja wao anaweza kutokea ghafula.

HATARI YA TATU: KAMIONI ILIYOSIMAMA, NA GIZA

Kamioni ikiharibika, konvoyere anaweka matawi na mawe barabarani. Matawi ya mchana ni alama nzuri. Usiku hayaonekani mpaka umeyakaribia. Na jiwe linaloachwa kamioni inapoondoka ni mtego kwa mwenye pikipiki anayefuata. Weka pembetatu zinazong'aa, mbele na nyuma, mbali na gari. Ukimaliza, ondoa kila jiwe kwa mkono wako.

Wenzetu wanaobeba makala kwa baiskeli wanaondoka alfajiri, katika giza na ukungu. Mzigo ni mpana, nguo ni nyeusi, taa hakuna. Kipande cha kitambaa cheupe nyuma ya mfuko, au kitu kinachong'aa, kinaweza kuokoa maisha ya baba wa watoto.

HATARI YA NNE: ASIDI

Madini mengi ya shaba na kobalti yanayeyushwa kwa asidi ya sulfuriki. Sehemu yake inaletwa kwa kamioni zenye matangi. Mwezi wa pili mwaka 2019, kwenye njia ya Kolwezi, kamioni iliyobeba asidi iligongana na magari mengine, na kati yao lilikuwemo gari la abiria. Asidi ilimwagika juu ya watu. Zaidi ya watu 15 walikufa.

Ukiona tangi limeanguka, fanya hivi:

1. Kaa mbali, upande ule upepo unakotoka. Zuia watoto na wapita njia. Hata kama kinachomwagika kinafanana na maji au mafuta, usikichote.

2. Mtu aliyemwagikiwa, mtoe mahali pale ikiwa unaweza bila kukanyaga asidi. Avuliwe nguo na viatu mara moja. Usishike nguo zile kwa mikono mitupu.

3. Mmwagie maji mengi safi kwa dakika 20 au zaidi. Maji kidogo hayafai, kwa maana asidi ikikutana na maji kidogo inachemka. Macho yaoshwe vile vile, kope zikifunguliwa kwa vidole.

4. Usimpake mafuta, majivu wala dawa ya meno. Mpeleke hospitali, na useme wazi kwamba ni asidi.

5. Usimwage maji juu ya dimbwi la asidi lililo chini. Litaruka na kukuunguza.

SHERIA ZA NYUMBANI

Baba na mama, wafundisheni watoto maneno haya mpaka wayajue kama majina yao:

– Tunatembea kushoto kwa barabara, ili tuone gari linalokuja upande wetu.
– Hatuvuki nyuma ya kamioni iliyosimama, kwa maana gari lingine haliwezi kutuona.
– Hatukimbilii mpira wala mbuzi barabarani.
– Hatushiki kamioni inayopanda kilima, hata kama inakwenda polepole.
– Mdogo anashikwa mkono na mkubwa, na mkubwa anakaa upande wa magari.

Na wewe mfanyakazi unayeendesha: usipande kwenye usukani ukiwa umelewa au umekesha. Usingizi hauogopi shofere hodari. Ukiona kope nzito, simama mahali salama nje ya lami, ulale kidogo. Ukipanda gari la abiria na shofere anakimbia kupita kiasi, abiria wote wamwambie pamoja. Sauti ya mmoja anaweza kuidharau. Sauti ya watu ishirini ataisikia.

Kamati za kijiji na za kampi nazo zina kazi. Shule ikijengwa upya, iwekwe mbali na barabara. Soko likikua, lihamie ndani. Kisima kikichimbwa, kiwe upande ule ule wa nyumba, ili watoto wasivuke na ndoo kichwani. Kijiji kililetwa barabarani kwa amri ya watu wengine; kurudisha maisha ya watoto nyuma hatua hamsini ni jambo tunaloweza kuamua sisi wenyewe.

MAULIZO YA KUJIBU NYUMBANI

1. Kwa nini vijiji vingi viko kandokando ya barabara?
2. Zamani shaba ilipita wapi, na leo sehemu kubwa inapita wapi?
3. Gari la kilomita 90 kwa saa linahitaji mita ngapi kusimama? Pimeni urefu huo kwa hatua, mtoto mmoja asimame mwanzo na mwingine mwisho, uwanjani, mbali na barabara.
4. Kwa nini shofere mwenye usukani kuume haoni vizuri akitaka kupita gari lingine kwetu?
5. Mtu aliyemwagikiwa na asidi anamwagiwa maji kwa dakika ngapi?

Aliyejibu yote vizuri awafundishe jirani. Shaba itafika bandarini leo au kesho. Mtoto wako anapaswa kufika nyumbani leo.