Je, video za vichezeo zinamfaa mtoto wako?

Mwezi uliopita mama mmoja kijana aliingia kliniki kwangu akiwa amebeba mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi minane. “Daktari, huyu hasemi,” akaniambia. “Wa jirani ni mdogo kwake na anasema kila kitu.”

Nilimwita mtoto kwa jina lake. Hakunitazama. Alipoanza kulia, mama alitoa simu mkobani, akamfungulia video, na mara moja kukawa kimya. Katika video hiyo hapakuwa na uso wa mtu. Palikuwa na mikono miwili tu iliyokuwa ikipasua mayai ya plastiki, moja baada ya jingine, na ndani ya kila yai mlikuwa na gari dogo. Mtoto yule asiyesema akatamka, kwa Kiingereza cha Marekani, majina ya magari matatu. Lakini aliposhikwa na kiu alimvuta mamake mkono tu na kuonyesha chupa.

Msomaji, sikumwambia mama huyo kwamba simu ndiyo iliyomnyamazisha mwanawe. Mtoto anayechelewa kusema hupimwa masikio kwanza, kisha hutazamwa jinsi anavyocheza na jinsi anavyohusiana na watu. Hata hivyo, nilimwuliza hutazama video hizo kwa muda gani kwa siku. Hakujua. Yeye hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja jioni, na yaya ndiye hukaa na simu ya pili.

Wazazi wengi wa mjini wamo katika hali hii, na sisemi hivi ili kuwalaumu. Mvua inanyesha, ploti haina uwanja, chakula kiko jikoni. Simu ni yaya wa bei nafuu. Lakini ni wachache wanaokaa chini kutazama kile anachotazama mtoto. Yafaa basi tujifunze namna ya kuzipima video hizi.

Umri kwanza

Mnamo 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Wa mwaka mmoja pia haishauriwi. Kuanzia miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua hapo ni heri zaidi.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Mtoto mchanga hujifunza lugha kwa kupokezana. Yeye hutoa sauti, wewe unamjibu; yeye anaonyesha paka, wewe unasema “paka”, naye anajaribu tena. Video haingoji jibu. Uchunguzi umeonyesha mara nyingi kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili na nusu hivi hujifunza kidogo kutoka kwenye skrini kuliko kutoka kwa mtu aliye mbele yake, hata kama somo ni lile lile. Kwa hivyo, kama mwanao ana miezi kumi na minne, usihangaike kuchagua video nzuri. Zima simu. Kuzungumza na nyanya yake aliye mashambani kwa simu ya picha ni jambo tofauti, maana nyanya humjibu.

Nani analipa?

Sasa tuchukue mtoto wa miaka mitatu au minne. Keti naye, tazama video moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kuirukisha, kisha ujiulize: je, hiki ni kipindi au ni tangazo la biashara?

Video nyingi za kufungua vichezeo ni za namna hii: kisanduku kipya, jina la kampuni limetajwa mara kadhaa, mtu mzima au mtoto anashangilia, kisha kisanduku kingine. Hapana kisa, na hakuna anayecheza na kile kilichofunguliwa kwa zaidi ya dakika moja. Biashara yenyewe ni kubwa. Jarida la Forbes lilikadiria mwaka wa 2018 kwamba chaneli moja ya Marekani ya mtoto akionyesha vichezeo, Ryan ToysReview, iliingiza dola milioni 22 kwa mwaka mmoja. Fedha hizo hazikutoka hewani.

Mtu mzima akiona tangazo la sabuni anajua kwamba anabembelezwa anunue. Mtoto wa miaka minne hajui. Kwa kawaida watoto hawaelewi vyema lengo la tangazo mpaka wafikie miaka saba au minane, na kama tangazo limefanywa kipindi, hata mtoto mkubwa hudanganyika. Kwa ajili hii Marekani ilikataza, tangu 1974, mhusika wa kipindi cha watoto cha runinga kuuza bidhaa ndani ya kipindi chake. Lakini kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya runinga, haikuandikwa kwa ajili ya intaneti.

Kisha kuna jambo la siri za mtoto. Septemba 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza kesi huko Marekani iliyodai kwamba habari za watoto zilikusanywa bila idhini ya wazazi, ili waelekezewe matangazo. Hapa kwetu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka pia idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa. Ni vyema ukumbuke hilo kabla ya kumfungulia mwanao akaunti kwa kudanganya umri wake.

Sisemi kila video yenye kichezeo ni mbaya. Ziko ambazo mtu hujenga nyumba kwa vipande vya mbao polepole, anakosea, inaanguka, anaanza tena. Ziko ambazo wanasesere huigiza kisa cha kwenda kwa daktari, na kwa kweli hizo hunisaidia kazini. Ukiizima video ya namna hii, mtoto huondoka akatafute kitu cha kuchezea: kifuniko cha sufuria kinakuwa usukani, kisanduku cha viatu kinakuwa matatu. Ukizima ile nyingine, anataka nyingine tena, au anadai ununue. Basi usitazame skrini peke yake. Mtazame mtoto wakati video imekwisha.

Jaribu pia kuondoa sauti. Kama picha inabadilika kila baada ya sekunde chache hata wewe unashindwa kufuata, mtoto hafuati kisa. Anavutwa macho tu. Na kichwa cha video kikiwa ni rundo la majina ya vibonzo mashuhuri yaliyopangwa bila maana, ipite. Mwaka wa 2017 ilifichuka kwamba video nyingi zilizotumia wahusika wapendwao na watoto zilikuwa na mambo ya kutisha na ya aibu, sindano na damu zikiwamo. Picha ya mwanzoni haikuonyesha lolote.

Kuiga ndiko kunaniogopesha

Kama daktari, hapa ndipo nitakawia kidogo. Mtoto wa miaka mitatu huiga anachokiona, na aliyetengeneza video hayupo nyumbani kwako kumtahadharisha.

Vichezeo vingi vinavyotoa mwanga au sauti huwa na betri ndogo ya duara, inayofanana na kitufe cha shati. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, huanza kuchoma nyama ya ndani katika muda wa saa mbili tu. Haihitaji kupasuka. Mwanzoni mtoto anaweza kutoa mate tu, kukohoa au kukataa chakula, na mzazi akadhani ni mafua. Ukishuku kwamba amemeza betri, usimtapishe, usingoje itoke chooni; nenda hospitali yenye eksirei wakati huo huo, hata kama ni saa nane za usiku.

Sumaku ndogo zenye nguvu ni hatari vivyo hivyo. Moja inaweza kupita. Mbili zikiwa sehemu tofauti za utumbo huvutana na kuubana utumbo kati yake mpaka utoboke. Tena kuna zile shanga za rangi zinazovimba majini, ambazo hupendeza sana kwenye video. Mtoto akizimeza huendelea kuvimba tumboni na zinaweza kuziba utumbo, na mara nyingi eksirei haizionyeshi. Kwa sababu hiyo mwambie daktari mtoto alikuwa akichezea nini. Ikiwezekana beba kichezeo chenyewe au kisanduku chake.

Basi ukitazama video jiulize hivi: mwanangu akifanya jambo hili sasa hivi, peke yake, kwa vitu vilivyomo nyumbani mwetu, itakuwaje? Kama moyo unashtuka, video hiyo si yake, hata ikiwa ina watazamaji milioni mia.

Simu yenyewe

Zima kile kitufe kinachoifanya video inayofuata kuanza yenyewe, maana uliyochagua ni ile ya kwanza tu. Ya sita imechaguliwa na mashine. Programu ya YouTube Kids ina mahali pa mzazi kuidhinisha video moja moja, na ina saa ya kuhesabu muda. Kazi hiyo huchukua nusu saa jioni moja. Mwonyeshe yaya pia, na umweleze sababu, kwa maana yeye ndiye atakayekaa na kilio. Afadhali zaidi ni video chache zilizohifadhiwa kwenye simu isiyo na bando.

Kilio kitakuwapo. Siku tatu nne za mwanzo huwa ngumu, na wazazi wengi hushindwa siku ya pili kwa sababu wageni wamefika. Mpe mtoto habari mapema: “Hii ikiisha tunazima.” Kisha uzime kweli, na uwe na kitu kingine tayari mkononi, maji ya kuchezea katika beseni ukiwa karibu, au mbaazi za kuchambua pamoja nawe ikiwa ameshapita umri wa kutia vitu mdomoni na puani.

Yule mtoto wa mayai alipimwa masikio, yako sawa. Anaendelea kuonwa na mtaalamu wa usemi, na simu ya pili sasa hukaa juu ya kabati. Mtoto wako akifika miaka miwili na bado haunganishi maneno mawili, kama “mama njoo” au “taka maji”, mlete kliniki. Usingoje atimize miaka mitatu kwa sababu jirani alikwambia wavulana huchelewa.