Bata, Mafuta na Mahindi ya Ghalani
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Kitui na Makueni

Bata hafugwi katika kila boma huku kwetu. Nchi ni kavu, na bata ni ndege wa maji. Lakini wapo, kuanzia Mwingi hadi Kibwezi, na siku ya kuchinja mama wa nyumba hukuta chini ya ngozi mafuta mengi ambayo kuku wa kienyeji hana. Hapo ndipo swali huzuka: haya mafuta tuyakaangie muthokoi, ama tuyatupe?

Jibu fupi ni kwamba unaweza kuyatumia, kwa kiasi. Jibu refu linaanza kabla ya sufuria, kwa sababu yale aliyokula bata na namna alivyoishi hayaishii kwake. Tuanze na mafuta, kisha twende kwenye ghala, ambako ndiko hatari kubwa iliko.

Je, mafuta ya bata yanadhuru?

Mafuta yote ya kupikia ni mchanganyiko. Ndani yake mna mafuta mazito ambayo yakizidi huongeza kolesteroli kwenye damu, na baada ya miaka mishipa ya moyo na ya ubongo huanza kuziba. Katika gramu 100 za mafuta ya bata, hayo mazito ni kama gramu 33. Mafuta ya mbuzi na ya ng'ombe yanakaribia 50. Samli hupita 60. Mafuta ya alizeti ni kama 11 tu. Unaweza kuona tofauti kwa macho: mafuta ya mbuzi huganda kwenye midomo supu ikipoa, ilhali ya bata, katika joto la Makueni, hubaki majimaji kwenye chupa.

Watu wengi hawajui kwamba mafuta ya mawese nayo yanakaribia 50, ingawa yanatokana na mti. Na sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia yanayouzwa Kenya, hasa yale meupe ya kuganda, hutengenezwa kwa mawese. Kwa hiyo anayekuambia mafuta ya bata ni sumu huku akichota kijiko kilichojaa mafuta meupe amekosea. Anayekuuzia mafuta ya bata kama dawa ya moyo amekosea zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta mazito yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata katika chakula cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 22. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya bata kina gramu 4 hivi. Ongeza maziwa ya chai, nyama, mandazi ya asubuhi, na utaona kwamba nafasi iliyobaki ni ndogo. Hii ndiyo sababu hatuulizi tu ni mafuta gani. Tunauliza pia ni mangapi.

Wengi wetu humimina bila kupima, na mafuta ya kupima ya dukani hayatuachii kumbukumbu ya kiasi tulichotumia. Fanya hesabu hii nyumbani. Chukua lita moja ya mafuta, andika siku uliyoifungua, kisha utazame inaisha lini. Ikiisha kwa wiki moja katika nyumba ya watu watano, kila mmoja amekula kama vijiko viwili vikubwa kwa siku, mbali na mafuta yaliyomo ndani ya chakula chenyewe. Kama kuna mtu mwenye presha au kisukari hapo nyumbani, anza kupunguza. Muthokoi hauhitaji kuelea kwenye mafuta ili uwe mtamu. Kitunguu kilichoiva vizuri na mboga ya kunde huufikisha mbali.

Ukiamua kuyatumia mafuta ya bata, yakatekate vipande vidogo, yaweke kwenye sufuria na maji kidogo, uyapike kwa moto mdogo mpaka maji yakauke na mafuta yawe safi yanayopitisha mwanga. Chuja, weka kwenye chupa safi iliyokauka kabisa, ufunike. Yakianza kunuka uchachu, mwaga. Yakishika moto usiyamwagie maji hata kidogo: funika sufuria kwa kifuniko, kisha uondoe kuni. Na mafuta yaliyokwisha kukaangia mara kadhaa hadi yakawa meusi, yawe ya bata au ya duka, hayafai tena kuliwa.

Mahindi mabovu si chakula cha ndege

Huku kwetu jambo hili tumelilipia kwa maisha ya watu.

Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitalini wakiwa na macho ya manjano na ini lililoharibika baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Kumi na wawili walifariki. Mwaka 2004 yakatokea makubwa zaidi: watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mahindi yalikuwa ya shambani kwao wenyewe, yamewekwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Sumu hiyo ni sumu kuvu, inayotengenezwa na ukungu. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, na kukoboa hupunguza tu.

Bata anahusika vipi? Bata ni miongoni mwa ndege ambao sumu hii huwaua upesi kuliko wengine. Mwaka 1960, kabla ya uhuru, maelfu ya vifaranga wa bata walikufa hapa Kenya baada ya kulishwa karanga zenye sumu hiyo. Mwaka huohuo Uingereza ilipoteza zaidi ya bata mzinga 100,000 kwa chakula cha karanga kilichoharibika, na kutokana na vifo hivyo ndipo wanasayansi walipoitambua sumu yenyewe. Kwa miaka mingi baadaye vifaranga wa bata walitumiwa maabara kupima kama chakula kina sumu kuvu.

Sasa tazama tunavyofanya wakati wa kuchambua mahindi. Mazuri huenda kwenye gunia, na yale yenye ukungu wa kijani au yaliyobadilika rangi tunawatupia kuku na bata. Ndege anayekula hayo hukonda, hutaga mayai machache, ini lake huoza polepole naye hana wa kumwambia. Huo ni ukatili hata kama haukukusudiwa. Na sehemu ya sumu hubaki kwenye ini na kwenye mayai, ambavyo ndivyo tunavyowapa watoto kwanza.

Tunajua uchungu wa kutupa nafaka mwaka ambao mvua imekataa. Hata hivyo mahindi yenye ukungu hayana mahali pengine pa kwenda isipokuwa shimoni au motoni. Hayafai ndege, hayafai mbwa, hayafai kutengeneza pombe.

Kinga ni kukausha. Anika mahindi juu ya turubai, usiyaanike juu ya udongo, kisha uyapime kwa chumvi: tia kiganja cha mahindi kwenye chupa ya kioo iliyokauka, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga na utikise kwa muda, halafu uache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Ikianguka yote chini, yako tayari kuhifadhiwa. Magunia yasiyopitisha hewa husaidia sana, lakini hayawezi kuokoa mahindi yaliyofungiwa yakiwa mabichi.

Maji ya bata katika nchi kavu

Bata husafisha macho na pua zake kwa kuzamisha kichwa majini. Asipoweza, uchafu huganda, macho huvimba, na anaweza kupofuka. Huna haja ya kidimbwi. Beseni lenye kina cha kutosha kichwa kizima linatosha, maji yakibadilishwa kila siku. Tunajua maji hayo huenda yametoka kisima cha mchangani na kubebwa na punda. Basi yakichafuka, yamwagie mche wa mwembe; yana mbolea. Lakini kama nyumba haina maji ya kutosha watu, usifuge bata. Kuku wa kienyeji atakufaa zaidi, na hataumia.

Miguu ya bata ni dhaifu. Vifaranga wanaolelewa kwa chakula cha kuku peke yake mara nyingi hupinda miguu, kwa kuwa wanahitaji zaidi vitamini moja iitwayo niasini. Mapumba ya ngano na majani mabichi husaidia. Ukimshika mkubwa, mkumbatie na mabawa yake yakiwa yamebanwa mwilini. Kumning'iniza kwa miguu, kichwa chini, juu ya bodaboda hadi sokoni Emali humvunja na kumtesa. Tumia tenga lenye nafasi. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu, na ndege wamo ndani ya sheria hiyo.

Neno moja kuhusu mafuta ya bata ya makopo kutoka ng'ambo, yanayopatikana katika baadhi ya maduka makubwa na hoteli za Nairobi. Ufaransa, nchi inayoongoza kwa biashara hiyo, bata wengi hushindiliwa mahindi kooni kwa mrija mara mbili kwa siku, karibu wiki mbili, hadi ini linavimba mara kadhaa ya ukubwa wake. Nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo, zimekataza ufugaji huo kwao. Asiige mtu huku kwetu ili apate bata mnene. Bata aliyetembea, aliyekula majani na wadudu, atakupa mafuta machache, na machache ndiyo unayoyahitaji.

Siku ya kuchinja tumia kisu kikali, mbali na ndege wengine. Usile ndege aliyekufa mwenyewe. Pika nyama mpaka isibaki na damu karibu na mfupa, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

Wakati wa kutafuta msaada

Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba sasa hubeba vifaa vya kupima presha na sukari. Waombe wawapime watu wazima wote, hata wasiohisi chochote, maana presha hukaa mwilini miaka mingi bila maumivu.

Na mtu yeyote nyumbani akianza kutapika, tumbo likavimba, macho yakawa ya manjano, usimpe dawa za kienyeji ukingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, ubebe na kikombe cha mahindi au unga mliokuwa mkila, na wengine wote waache kula kutoka gunia hilo.