SOMO LA AFYA: HESABU YA VIFO VYA SARATANI HUTOKA WAPI?



Huenda umesikia kwenye foleni ya maji mtu akisema kwamba siku hizi kansa inaua kuliko malaria. Mwingine anadai ni unga wa msaada unaoileta. Kila mmoja ana namba yake. Somo hili litakusaidia kupima namba unazoambiwa, na kujua namba yako wewe inaingiaje katika hesabu.

Fahamu kwanza kuwa namba ni za aina mbili. Kuna za watu waliohesabiwa mmoja mmoja. Kampala kuna daftari la wagonjwa wa saratani lililoanzishwa mwaka 1951. Kazi yake ilikatika wakati wa machafuko, ikaanza upya mwishoni mwa miaka ya 1980. Makarani hupita hospitalini na katika maabara wakiandika umri, aina ya saratani na mahali mgonjwa anapoishi. Lakini daftari hilo ni la Kaunti ya Kyadondo tu, yaani Kampala na majirani zake. Kenya nako yapo madaftari ya namna hiyo, Nairobi na Eldoret.

Aina ya pili ni makisio. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, lilikisia kuwa mwaka 2020 saratani iliua watu kama 27,000 Kenya na kama 23,000 Uganda. Hakuna aliyehesabu makaburi hayo. Wataalamu walichukua madaftari machache yaliyopo wakapiga hesabu ya nchi nzima. Makisio si uongo, ila hayawezi kuwa bora kuliko daftari yalikotoka.

Sasa tazama hapa Malaba. Tuseme mama anakaa upande wa Tororo. Anaugua, anatumwa Mbale, mwisho anafika Mulago. Amefikia kwa shemeji yake, basi karani akimwuliza anakaa wapi anajibu, "Kampala." Ameshahesabiwa kuwa mtu wa Kampala. Dada yake anavuka mpaka kutibiwa Eldoret kwa anwani ya binamu. Naye anahesabiwa huko. Wote wawili wanarudi kufia nyumbani, matanga yanakwisha, hakuna karatasi iliyoandikwa. Ukiuliza saratani imeua wangapi Malaba, madaftari yatajibu: hakuna.

Usidhani mahali mtu anapoishi ni jambo dogo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Alituma maswali kwa hospitali nyingi za Afrika, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali: mmewaona watoto wa namna hii, na wanatoka wapi? Ikaonekana ugonjwa uko mabondeni kwenye joto na mvua, si kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ndivyo ulivyoanza kuhusishwa na malaria. Majibu kuhusu makwao ndiyo yaliyofungua njia.

Basi ukitajiwa namba, uliza: imehesabiwa au imekisiwa? Ni ya wapi na ya mwaka gani? Tena uliza, kati ya watu wangapi? Tuseme kambi moja ina watu 6,000 na wamekufa 6. Nyingine ina watu 60,000 na wamekufa 30. Wengi watakimbilia kusema ya pili ni mbaya zaidi. Piga hesabu: ya kwanza ni 100 kwa kila watu 100,000, ya pili ni 50. Hata hapo, uliza kama ya kwanza ina wazee wengi, kwani saratani huwapata zaidi waliokula chumvi.

Ukifika hospitali yoyote, taja kambi na mtaa unakolala, si kwa ndugu ulikofikia. Madaftari ya saratani hayachapishi majina. Anayekimbia hubeba watoto, si faili la hospitali. Kama lako lilibaki, mweleze tabibu ugonjwa uliotajiwa na mahali ulipopimwa.

Mgonjwa akifia nyumbani, mwarifu mhudumu wa afya wa mtaa kabla ya mazishi. Walio nje ya kambi waanze kwa chifu msaidizi upande wa Kenya, au mwenyekiti wa LC1 upande wa Uganda. Hakikisha sababu ya kifo imeandikwa. "Aliugua muda mrefu" si sababu. "Moyo ulisimama" pia si sababu, maana kila anayekufa moyo husimama.

Tunajua wengine huficha kifo wakihofia kadi ya mgao. Ni kweli, jina la marehemu hutolewa kwenye kadi, wala hatutawadanganya. Lakini morfini ya kutuliza maumivu huagizwa kwa kutazama idadi ya wagonjwa walioandikwa. Jirani yako anayelia usiku kwa maumivu huenda hajaandikwa popote. Mpeleke zahanati, au mwite mhudumu aje kwake, na uwe tayari kutaja umri wake, anapoishi na siku alipoanza kuugua.