Noeli ya Ugenini ni ya Wawili



Familia nyingi za Kenya sasa zinaishi ng'ambo. Mnamo Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi, na huenda nyumba nyingine zikafuata njia hiyo. Basi tujifunze jambo moja linalojaribu ndoa ugenini: sikukuu ya Noeli.

Desturi za wenyeji

Huko Ujerumani, Dominika ya kwanza ya Majilio familia huweka mezani shada la majani mabichi lenye mishumaa minne. Huwasha mmoja, Dominika inayofuata miwili, mpaka yote minne iwake. Desturi hii ilianzishwa mwaka 1839 na Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri, katika makao ya watoto maskini huko Hamburg. Baadaye Wakatoliki nao waliipokea. Usiku wa kuamkia 6 Desemba watoto huacha viatu safi mlangoni, Mtakatifu Nikolasi awatilie machenza, njugu na chokoleti. Zawadi za Noeli hutolewa jioni ya 24 Desemba, na barabara huwa kimya. Karibu na 6 Januari, Tokeo la Bwana, watoto waliovaa kama Mamajusi hupita nyumba kwa nyumba wakiimba na kuchangisha fedha kwa ajili ya watoto wahitaji. Mlangoni huandika kwa chaki mwaka pamoja na herufi C, M na B, wakiomba kwa Kilatini Kristo aibariki nyumba hiyo.

Desturi hizi ni njema. Mkristo hana sababu ya kuzikwepa.

Upweke katikati ya furaha

Tuseme mume amekaa huko miaka sita, na mkewe miaka miwili. Ni jioni ya 24 Desemba, na giza limeingia tangu alasiri. Mume na watoto wanafurahia mishumaa. Mke anakumbuka kwao: mbuzi wa sikukuu, wifi zake wakisukuma chapati na kucheka jikoni, Misa yenye vigelegele. Anaingia chumbani na simu, hatoki.

"Mama watoto, mbona unatuharibia sikukuu?"

"Baba watoto, wewe umesahau kwenu."

Maneno haya yanauma, na yote mawili si kweli. Mume hajasahau kwao. Anajitahidi watoto wasijione wageni. Mke haharibu sikukuu, anaomboleza. Mtu akifiwa, majirani huja matangani. Mtu akiikosa nchi yake, hakuna anayekuja kumpa pole. Wa kwanza kuketi naye ni mwenzi wake wa ndoa.

Mfanye nini?

1. Zungumzeni kabla ya Majilio. Kila mmoja ataje jambo moja la kwao ambalo asipolipata haoni Noeli, na jambo moja la wenyeji analolipenda. Yote manne yapate nafasi nyumbani.

2. Patanani fedha za kutuma Kenya, upande wa mume na upande wa mke. Fedha zinazotumwa kwa siri huzaa ugomvi mezani.

3. Pigeni simu pamoja kwa saa mliyopanga. Wakati huo Kenya iko mbele kwa saa mbili. Nyanya asikie sauti za wajukuu, kisha simu iwekwe chini, mle pamoja.

4. Msiwalazimishe watoto kulilia nchi wasiyoijua. Wafundisheni wimbo mmoja wa kwenu na kukanda unga. Wataipenda kwa mikono yao.

5. Alikeni mtu aliye peke yake, awe mwanafunzi kutoka Afrika au mzee mwenyeji wa jengo lenu.

Nanyi mlio nyumbani, wakipiga simu, msianze na maombi ya fedha. Waulizeni kwanza kama wamekula.

Mwanga wa imani

Familia Takatifu iliishi ugenini Misri (Mt 2:13-15). Nabii Yeremia aliwaagiza waliohamishwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea mji ule mema (Yer 29:4-7), ingawa waliahidiwa kurudi. Kuipenda nchi ya ugenini si kuisaliti ya nyumbani. Papa Yohane Paulo II naye, katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981, namba 77, alizitaja familia za wahamiaji kati ya zile zinazohitaji uangalizi wa pekee wa Kanisa.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwenzangu anakosa nini zaidi wakati wa sikukuu? Nimewahi kumwuliza?
2. Ni desturi gani ya wenyeji tuipokee, na ipi ya kwetu tusiiache?
3. Ndugu zetu walio ng'ambo wakitupigia, wanapata faraja au mzigo?

Mungu azibariki nyumba zenu.