Somo la Vikundi: Mjane, Vyombo Vitupu na Sare ya Shule

Fungu: 2 Wafalme 4:1–7. Lisomwe kwa sauti na mtu mmoja, polepole, kisha Biblia ziachwe wazi, maana tutalirudia.

Kila mwaka shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari, halmashauri za mitaa yetu huketi kugawa fedha ya sanduku la wahitaji. Fedha ni kidogo na majina ni mengi. Mmoja husema zinunuliwe sare, mwingine madaftari, na hakosi mtu wa tatu anayetaka watoto wawili walipiwe shule ya bweni ili wapate kuinuka kabisa. Wote wana moyo mwema. Lakini sisi tuliofanya kazi miaka mingi katika chuo cha ualimu, tukizunguka shule za vijijini kuwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, tulizoea kukifungua kitabu cha mahudhurio kabla ya kumsikiliza mwalimu. Mwezi wa Januari alama za kuwapo hujaa ukurasa. Ikifika Machi, wakati wa palizi na wakati chakula cha ghalani kimepungua, ukurasa una matundu. Yule mtoto aliyekuja na sare mpya amekwenda wapi? Swali hilo ndilo somo letu la mwezi huu.

Mjane wa fungu letu alikuwa mke wa mmoja wa wana wa manabii, yaani mtu wa jamii ya waamini hasa, na mumewe alijulikana kuwa mcha Mungu. Uchaji huo haukuzuia deni. Mume amekufa, na mwenye kudai yuko njiani kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Tazameni basi afanyavyo Elisha. Hatoi kitu papo hapo. Anauliza maswali mawili: mama anataka afanyiwe nini, na nyumbani kwake mna nini. Kumbe mna chupa ya mafuta. Ndipo majirani wanaombwa vyombo vitupu, mlango unafungwa, mafuta yanamiminwa, kisha yanauzwa, deni linalipwa, na kinachosalia kinamlisha mama pamoja na wanawe.

Tungependa mkae kidogo juu ya mlango ule uliofungwa. Jambo kubwa lilitendeka ndani, mbele ya mama na watoto wake tu. Majirani walichoona ni vyombo vyao vikiondoka vitupu. Sasa tulinganishe na desturi iliyoingia mahali pengi, ya kuwaita watoto mbele ya madhabahu Jumapili ya kwanza ya mwaka, kila mmoja akiwa na sare mikononi, wapigwe picha apelekewe mfadhili. Mtoto wa miaka 12 anajua kabisa maana ya kuitwa mbele namna ile, na wenzake darasani wanajua pia. Mwalimu yeyote aliyewahi kusikia watoto wakitaniana wakati wa mapumziko ataelewa tunalosema. Picha yamfaa mfadhili. Mama wa mtoto yamfaa nini?

Tena angalieni kwamba wana walibaki na mama yao. Elisha hakusema wapelekwe kwa nabii wakalelewe vizuri zaidi. Katika nchi nyingi, uchunguzi wa makao ya watoto umeonyesha kwamba watoto walio wengi humo wana baba au mama aliye hai. Kilichowapeleka huko ni umaskini. Wako kweli wasio na mtu, na makao ni rehema kwao. Lakini kabla ya kumtoa mtoto nyumbani kwa bibi yake ili asome, ni haki tuulize kwanza kama bibi huyo, akipata mbuzi wawili wa maziwa au akitengenezewa paa, hangeweza kumsomesha pamoja na nduguze watatu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Kuna neno moja zaidi katika mstari wa 7, ambalo wasomaji wengi hulipita. Mafuta yalipokwisha kujaa, mama alirudi akamweleza mtu wa Mungu yaliyotokea, ndipo akapewa shauri la mwisho. Msaada wetu mara nyingi haurudi kueleza. Tunatoa, tunaomba, tunatawanyika. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza habari za shirika moja la Kikristo lililokubali kurudi na kutazama, ingawa baadhi ya lililoyakuta hayakulipendeza.

Shirika hilo ni la Uholanzi, liitwalo International Christelijk Steunfonds, kwa kifupi ICS. Lilifanya kazi katika wilaya ya Busia, magharibi ya Kenya mpakani na Uganda, ambako wenzetu Waanglikana wana dayosisi yao ya Nambale. Katikati ya miaka ya 1990 lilipatana na mwanauchumi Mmarekani, Michael Kremer, ambaye miaka ya 1980 alifundisha shule ya sekondari katika sehemu hizo hizo, kwamba misaada ya shirika ipimwe. (Kremer alikuja kuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.) Njia yao ni nyepesi kuieleza. Kwa kuwa fedha haikutosha shule zote kwa mara moja, shule za kuanza zilipatikana kwa kura au kwa zamu, kisha zikalinganishwa na zile zilizokuwa zikingoja. Asiwepo wa kushtuka kusikia kura. Mitume waliitumia kumpata Mathiya. Kura ina sifa moja nzuri, kwamba haimjui binamu wa mwenyekiti.

Walianza na vitabu. Katika shule 100 za Busia na Teso, 25 zilipewa vitabu vya kiada mwaka 1996. Kila mtu alitazamia alama zipande. Hazikupanda, ila kwa wale wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Sababu haiko mbali. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huko Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto aliyebaki nyuma alipewa kitabu asichoweza kukisoma. Tulipokuwa tukiwafundisha walimu, tulikariri mpaka tukachosha kwamba somo huanzia pale alipo mtoto; lakini hata sisi tungekuwa na kisanduku cha vitabu mkononi, huenda tungevigawa kwa furaha. Chati za kuning'iniza ukutani nazo zilipelekwa katika shule zipatazo 90. Zilipendeza sana. Katika mitihani hazikuleta tofauti yoyote.

Baadaye waligawa uji wa asubuhi katika shule za awali 25, na nyingine 25 zikangojea. Mahudhurio yaliongezeka kwa asilimia 30 hivi, na mama yeyote wa hapa angeweza kuwaambia hivyo bila utafiti. Lakini alama ziliongezeka pale tu ambapo mwalimu alikuwa amepata mafunzo mazuri. Tena uji ulikula wakati wa kufundisha. Hapo pana jambo la kutufaa: ikiwa mtaa wetu utapika uji, basi wapike akina mama wa Umoja wao kwa zamu, na mwalimu aachwe na ubao wake.

Lililowashangaza wote ni minyoo. Kuanzia mwaka 1998 shule 75 zilipangwa katika makundi matatu ya shule 25, na watoto wakapewa dawa za minyoo ya tumbo na za kichocho kwa zamu, kundi kwa kundi. Utoro ulipungua kwa robo. Tuliojifunza afya ya shule twajua safura ifanyavyo: hunyonya damu, mtoto akawa mchovu, akasinzia, akaitwa mvivu, akachapwa, mwishowe akaona heri kubaki nyumbani. Ndugu zake wasiomeza dawa nao walinufaika, kwa sababu uchafu wenye mayai ya minyoo ulipungua njiani na vyooni. Ni haki kusema kwamba alama za mitihani hazikupanda kwa ajili ya dawa, na kwamba wataalamu wengine walipozipitia hesabu hizo upya mwaka 2015 walikuta makosa, hasa kuhusu faida iliyodhaniwa kuzifikia shule za mbali, na mabishano yakawa makali. Hata hivyo, fikirini: dawa ya senti chache, isiyopendeza katika picha, iliwarudisha watoto darasani kuliko kitabu kizuri chenye jalada la rangi.

Kwetu Tanzania Serikali imekuwa ikigawa dawa hizo mashuleni, kwa hiyo si lazima mtaa uzinunue. Kazi yetu ni nyingine. Mwaka 2008 mkoani Morogoro ulienea uvumi kwamba watoto waliomeza dawa ya kichocho wamekufa. Wazazi wakakimbilia mashuleni, ghasia zikatokea, na ugawaji ukasimamishwa. Waliokosekana siku zile ni watu wanaoaminiwa na wazazi, wa kuwaeleza mapema kwamba dawa ile huleta kizunguzungu na kichefuchefu kwa aliyeimeza bila kula. Mzee wa kanisa aweza kufanya hivyo kwa dakika tano baada ya ibada, bila kutumia hata shilingi ya sanduku.

Sasa sare, maana twajua hapo ndipo mtakapobishana. Katika shule chache za Busia watoto walipewa sare bure kwa kura, na kukosa kwao shule kulipungua kwa zaidi ya theluthi. Waliokuwa hawana sare kabisa ndio waliofaidi zaidi. Wasichana wa darasa la 6 waliopewa sare katika mpango mwingine, ulioanza mwaka 2003, waliacha shule kwa uchache zaidi, na mimba na ndoa za mapema zikapungua. Basi mwenye kutetea sare katika kikao ana hoja. Lakini wale wa kura ya kwanza walipotafutwa tena miaka 8 baadaye, hapakuwa na tofauti kati yao na wenzao katika darasa walilofikia. Sare ilifungua lango la shule. Haikuweza kulishikilia wazi miaka yote. Suruali ya Januari ina tundu ifikapo Septemba, na mtoto naye amerefuka.

Kuna habari nyingine ambayo halmashauri zingeifikiri. Shule 7 zilipopewa sare, vitabu na madarasa mapya kwa pamoja, watoto waliacha shule kwa uchache zaidi, na baada ya miaka 5 wakawa wamesoma kwa asilimia 15 zaidi ya wenzao. Wakati huohuo watoto wa shule za jirani walihamia huko, madarasa yakafurika. Msaada uliomiminwa mahali pamoja huwavuta watu, na shule ya upande wa pili wa mto hubaki na mwalimu anayehesabu madawati. Wazee wa mitaa yenye wafadhili wa ng'ambo watatuelewa.

Ada ya shule za msingi ilifutwa katika nchi yetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2016 ikafutwa hadi kidato cha 4. Kwa hiyo wako Wakristo wasemao kwamba kazi ya Kanisa katika jambo hili imekwisha. Hatukubaliani nao. Wakae na mama mmoja tu wahesabu pamoja: sare, viatu, madaftari, kalamu, mchango wa chakula cha mchana, nauli ya kidato cha kwanza ikiwa shule iko mbali, na mfuko wa mahindi ambao mtoto angeupata kwa kibarua siku ile aliyokaa darasani. Huo mfuko wa mwisho hauandikwi popote, na mara nyingi ndio uzani unaoelemea. Kwa nyumba yenye mgonjwa, binti mkubwa ndiye muuguzi. Kumnunulia binti huyo sare bila kumtafutia mama yake mtu wa kumteka maji ni kazi bure, japo sare ni nzuri.

Kwa mazungumzo ya vikundi, chukueni nyumba tatu mnazozijua, bila kutaja majina. Katika kila moja, mtoto anakosa shule siku gani hasa, na kwa nini siku hiyo? Mama au bibi ameulizwa anataka afanyiwe nini, au tumemjibia? Chupa ya mafuta ya nyumba hiyo ni nini: cherehani, shamba lisilolimwa, ufundi wa kusuka mikeka? Vyombo gani vitupu majirani wanavyo vya kuazima? Na ni nani atakayerudi mwezi wa Machi kutazama?

Kabla ya mkutano ujao, watu wawili wa kila kikundi wamwendee mwalimu mkuu kwa heshima, wamwombe idadi tu ya waliokosa shule kwa kila mwezi wa mwaka uliopita, darasa kwa darasa. Idadi hizo ziletwe zimeandikwa kwenye karatasi moja. Tutasoma Ruthu sura ya 2, pamoja na Walawi 19:9–10, juu ya masazo ya shambani.