Baiskeli ya Mlimani Mahali Pasipo Mlima

Sikonge hakuna mlima. Nalisema mapema kwa sababu kila nikitaja kantini kwamba likizo huwa nafanya mazoezi ya baiskeli ya mlimani nyumbani Sikonge, hakosekani mtu wa Mbeya au wa Moshi wa kunicheka. Kwetu ni tambarare, juu kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari: msitu wa miombo, vijia vya mchanga, na mbuga za udongo mweusi ambao wakati wa mvua hunata kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Lakini mchezo wenyewe ulianzaje? Miaka ya 1970 huko California, Marekani, vijana walichukua baiskeli nzito za zamani, nyingine za miaka ya 1930, wakawa wanateremka nazo njia za vumbi kwenye mlima Tamalpais. Breki zilikuwa zile za kukanyaga kinyumenyume. Zilichemka mpaka grisi ikatoka moshi, na kila baada ya mteremko mmoja ilibidi kufungua na kupaka grisi upya, ndiyo maana mashindano yao yaliyoanza 1976 waliyaita Repack. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996 kule Atlanta, mchezo huo ukaingia Olimpiki. Yaani kwa asili ni watu wenye baiskeli nzito kwenye njia mbovu. Kwa hilo sisi watu wa Tabora hatuna haja ya kuazima.

Mwalimu wangu ni mjomba, ambaye hajawahi kusikia habari za Repack. Anabeba asali kutoka vijiji vya porini kuileta mjini Sikonge, kwa Phoenix ya gurudumu la inchi 28, gia moja, keria iliyoongezwa nondo na fundi. Ndoo moja ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, ila ikijaa asali inafika kilo 28 hivi, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji. Mjomba hubeba ndoo mbili. Na njia nzima anapiga hadithi.

Hizo hadithi ndizo somo lenyewe. Mwendo unaokuwezesha kutoa sentensi nzima bila kukata pumzi ni mwendo ambao mwili unapata oksijeni ya kutosha kuchoma mafuta, na mafuta hata mtu mwembamba anayo ya siku nyingi. Ukianza kujibu kwa neno mojamoja, mwili umeegemea zaidi glaikojeni, ile sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini. Hiyo ni gramu 400 hadi 500 tu kwa mtu wa kawaida. Gramu moja inatoa kalori 4, kwa hiyo jumla ni kama kalori 2,000, na ukikimbiza baiskeli kwa nguvu zinaweza kwisha ndani ya saa mbili. Zikiisha, miguu inakuwa kama ya mtu mwingine.

Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norwei, alichunguza ratiba za wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu, akakuta karibu asilimia 80 ya vipindi vyao vya mazoezi ni vya mwendo mwepesi. Mwendo huo unaongeza mitokondria ndani ya seli za misuli, unaongeza na mishipa midogo ya damu, na siku ya pili bado unaamka ukiwa mzima. Sisi wanafunzi tunafanya kinyume. Tuna saa moja tu baada ya vipindi, basi tunaiua hiyo saa, kesho yake hatutaki hata kuiona baiskeli, na wiki ya tatu baiskeli inauzwa kusubiri bumu lijalo.

Ukitaka ushahidi wa zamani zaidi, angalia njia ya misafara iliyopita hapa Unyanyembe kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, takriban kilo 32. Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 kutoka pwani. Gawanya zaidi ya kilomita 800 kwa siku hizo: ni kilomita sita au saba kwa siku. Mtu anaweza kusema walikuwa wazembe. Hapana bwana. Walianza safari alfajiri, wakatua kabla jua halijawa kali, na siku nyingine hawakutembea kabisa kwa sababu ya kununua chakula, kuuguza wagonjwa, au kusubiri hongo ikubaliwe. Binafsi naona wapagazi wale walijua zaidi habari za kupanga nguvu kuliko wengi wetu wenye saa za kupima mapigo ya moyo.

Mwaka jana tulitoka wanne Tabora mjini kwenda Sikonge, kama kilomita 70. Tulichelewa kuondoka kwa kumsubiri mmoja, na yule yule mmoja, kijana wa mwaka wa pili, tulipopita Kipalapala akaanza kufukuzana na bodaboda. Ilikuwa Oktoba. Saa saba mchana alitapika. Halafu akaanza kusema maneno yasiyoungana, akatuuliza kama tumeshafika Dodoma. Mjomba, aliyekuwa amekuja kutupokea, hakuuliza swali. Alimlaza chini ya mninga, akamvua shati, akammwagia maji yote ya kwenye dumu, akatuamuru tumpepee bila kuacha. Mimi niliwaza kwamba tunamaliza maji ya kunywa. Baada ya muda ndipo alipompakia kwenye keria, tukamfunga kwa mpira, mmoja wetu akakimbia kando amemshika bega, kilomita tisa hadi zahanati.

Mganga pale alituambia kwamba yale maji ndiyo yaliyomwokoa. Joto likishapanda mpaka mtu anachanganyikiwa, ubongo unaungua kila dakika inayopita. Kwanza unampoza, halafu ndiyo unamsafirisha. Kama mtu anatapika na ana kizunguzungu lakini akili yake iko sawa, kivuli, maji na mapumziko vinaweza kutosha. Akianza kukuuliza habari za Dodoma, usingoje. Huyo kijana alipona, anasoma, na mwaka huu ameomba kuja tena.

Sasa ratiba. Kwa mwenye vipindi na mitihani, siku tatu kwa wiki zinatosha. Jumanne saa moja ya mwendo wa hadithi. Alhamisi ndiyo siku ya kuumia: tafuta mchanga au kilima, kanyaga kwa nguvu dakika tatu, pumzika dakika tatu, mara sita, basi. Jumamosi safari ndefu, ukianza na saa mbili na kuongeza nusu saa kila wiki, na kila wiki ya nne unapunguza.

Chakula kisikusumbue. Wenzetu Ulaya wananunua vifuko vya uji wa sukari kwa bei ya sahani mbili za wali. Mimi nabeba matobolwa mfukoni na chupa ya maji yenye vijiko vya asali na chumvi kidogo. Asali ina glukosi na fruktosi, na hizo mbili hupita kwenye ukuta wa utumbo kwa milango tofauti, hivyo mwili unapokea sukari nyingi zaidi kwa saa kuliko ukitumia glukosi peke yake. Anza kula kabla hujasikia njaa.

Kwenye mchanga, punguza upepo wa tairi kidogo ili likanyage eneo pana, ila usipunguze mno, mzizi utabana tyubu kwenye rimu. Sogeza uzito nyuma, weka gia nyepesi kabla hujaingia, usiukabe usukani. Gurudumu la mbele litayumba lenyewe na kurudi lenyewe. Anayebishana nalo ndiye anayelala chini.

Kuna na mbung'o. Ukishuka kusini kuelekea Ipole utakutana nao, na wanafuata kitu kinachotembea, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, kiasi kwamba mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Jezi yetu ya chuo ni ya bluu. Nimeshapeleka ombi kwa kamati ya michezo, najibiwa kuwa rangi ni utambulisho wa chuo. Malale nayo ina utambulisho wake.

Neno moja la lami. Barabara ya Tabora hadi Sikonge sasa ni lami, na kila mtu anaifurahia, mimi pia nikiwa ndani ya basi. Mjomba haipiti tena. Anasema basi likija nyuma linakupa chaguo la kichaka tu, na mwenye kilo 56 za asali hawezi kuruka kichakani. Anazunguka kwa njia ya zamani ya msituni, anachelewa karibu saa moja, na fedha ya saa hiyo hailipwi na mtu. Kwa hiyo safari yetu ya mwaka huu itafuata njia yake, si lami. Ni ndefu zaidi na ina mchanga mwingi.

Tunaondoka Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa kumi na moja alfajiri, na hatumsubiri mtu. Lita tatu za maji kila mmoja, tyubu ya akiba, pampu, viraka na gundi, shati la rangi ya udongo. Mjomba atatangulia na ndoo zake mbili, na hakuna ruhusa ya kumpita.